Mbegu Isiyoota Si Lazima Iwe Imekufa
Hotuba juu ya joto na mbegu za malisho ya jamii ya kunde



Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hawalitazami, nalo hupoteza fedha za wakulima kila mwaka. Jambo hilo ni joto linaloipata mbegu ya malisho, kabla haijapandwa na baada ya kupandwa.

Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe hawezi kutoa maziwa mengi kwa kula majani ya napia peke yake. Hana budi kupata chakula chenye protini. Chakula hicho chaweza kununuliwa dukani kwa bei kubwa, au chaweza kuoteshwa shambani, maana mimea ya malisho ya jamii ya kunde ina protini nyingi. Katika jamii hiyo tunayo lusani, desmodiamu, klova, fiwi ambazo wengi wa Kenya huziita njahi, na miti kama vile kaliandra na lusina. Mtu asichanganye lusina na lusani. Lusina ni mti, na lusani ni majani yanayokatwa na kuchipua tena. Mimea hii ina faida ya pili pia, kwa kuwa bakteria wanaokaa katika vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya iwe mbolea.

Lakini mbegu zake nyingi ni ghali, na nyingine ni ndogo mno. Mathalan, mtu hununua mbegu za desmodiamu, akalima vizuri, akapanda, mvua ikanyesha, naye akangoja. Wiki mbili zikapita, akaona chipukizi chache tu, moja hapa na moja pale. Basi hukata shauri kwamba mbegu zilikuwa zimekufa, na aliyemwuzia ni mwizi. Hulima shamba lile tena akapanda mahindi. Msimu wa pili, anapopalilia mahindi yake, huyang'oa majani madogo yaliyoota katikati ya mistari akidhani ni magugu, kumbe ndiyo desmodiamu yake mwenyewe. Fedha zimepotea, na urafiki na mwenye duka umevunjika, na ng'ombe hakupata kitu.

Mbegu iliyo udongoni ikakosa kuota, yaweza kuwa na mojawapo ya sababu tatu zilizo kubwa. Ya kwanza, yaweza kuwa imekufa kweli. Ya pili, yaweza kuwa hai, lakini udongo una baridi mno au joto mno. Ya tatu, yaweza kuwa hai na udongo ni mwema, lakini ganda lake limefungwa kabisa hata maji hayaingii. Katika sababu hizo tatu, mbili za mwisho zahusu joto. Kwa hiyo mkulima asiyejua habari za joto hawezi kujua kama mbegu yake ni mbovu au ni nzima.

KILA MMEA NA JOTO LAKE

Mbegu ikiwekwa mahali penye unyevu, kwanza hunywa maji na kuvimba. Hilo peke yake si alama ya uhai, maana hata mbegu iliyokufa yaweza kuvimba. Baada ya hapo, kama ni hai, vimeng'enya vilivyo ndani yake huanza kazi ya kuyeyusha chakula kilichowekwa akiba, ili kiini kipate nguvu ya kutoa mzizi. Kazi hii hutegemea joto. Baridi ikizidi, kazi huenda polepole sana au husimama. Joto likizidi mno, vimeng'enya huharibika na kiini hufa. Katikati ya hayo mawili pana kipimo ambacho mbegu huota upesi na kwa wingi, na kila mmea una kipimo chake.

Lusani na klova ni mimea inayopenda ubaridi. Lusani huota vizuri sana udongo ukiwa na digrii 18 mpaka 25 za Selsiasi. Kwenye digrii 18 hivi mzizi huonekana baada ya siku mbili, lakini kwenye digrii 4 au 5 huchukua kama siku sita. Klova nyeupe huanza kushindwa joto likipita digrii 30.

Siratro, stailo na mimea mingine iliyotoka katika nchi za joto hutaka joto zaidi. Hiyo huota vizuri kati ya digrii 25 na 35, na udongo ukishuka chini ya digrii 15 huota kwa uvivu mwingi. Mtu aliyezoea lusani, kisha akapanda siratro kwa desturi zile zile, asishangae akiona tofauti.

Huenda mtu akauliza, je, kuna hasara gani mbegu ikichelewa siku chache, mradi itaota? Hasara ipo. Mbegu iliyokwisha kuvimba ni kama mlango ulioachwa wazi. Ukungu wa udongoni na wadudu huiingia. Ikiota upesi huokoka, lakini ikikawia katika udongo wa baridi na maji mengi, huoza kabla haijatoa mzizi. Hata ile inayookoka hutoa mche dhaifu, na magugu huutangulia.

MILIMA NA MABONDE YETU

Katika Kenya jambo hili lina maana kubwa kuliko katika nchi zilizo tambarare, kwa sababu sisi twakaa juu na chini. Mtu apandapo mlima, joto la hewa hupungua kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mkulima wa Kilifi na mkulima wa Kinangop, ingawa wako katika nchi moja na wanasikiliza hotuba moja, hawapandi katika udongo mmoja. Yule wa Kilifi hukaa katika hewa ya digrii 26 hivi kwa wastani wa mwaka. Yule wa Kinangop huamka asubuhi nyingine akaona jalidi juu ya majani.

Wenye mashamba ya juu wakumbuke kwamba miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ya baridi. Atakayepanda mwanzoni mwa mvua ndefu, yaani Machi au Aprili, mche wake utakuwa umeshika mizizi kabla ya baridi kufika. Lakini atakayechelewa hata mwisho wa Mei, mbegu yake italala katika udongo wa baridi na unyevu, na nyingi zitaoza. Mvua ile ile na mbegu ile ile, lakini mavuno si sawa.

Wenye mashamba ya chini, katika pwani, katika Ukambani na kando ya Ziwa Viktoria, hatari yao ni ya namna nyingine. Udongo mtupu uliopigwa na jua la mchana waweza kupita digrii 50 juu kabisa, pale pale mbegu ndogo inapopandwa. Mbegu kavu huvumilia joto hilo. Mbegu iliyokwisha kunywa maji haivumilii. Basi mvua moja ikinyesha, mbegu zikavimba, kisha jua likawaka siku tano mfululizo, zitakufa. Yafaa mkulima wa huko angoje mpaka mvua imetulia na udongo umepoa, kisha baada ya kupanda atandaze majani makavu machache juu ya mistari. Yasiwe mengi ya kuufunika mche, bali yatoshe kuvunja ukali wa jua, tena yapunguzwe chipukizi zikionekana.

Wengine hujaribu kuikimbiza mbegu na jua kwa kuipanda chini sana. Hilo ni kosa. Mbegu ya desmodiamu au ya lusani ina chakula kidogo tu ndani yake, haiwezi kupanda kutoka mbali. Sentimeta moja yatosha. Afadhali kivuli cha majani makavu kuliko kaburi la udongo.

Desmodiamu ina habari yake. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, pamoja na wenzao wa Kenya na wa Uingereza, wamewafundisha wakulima kuipanda katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza viwavi wabungua mabua na kuliua gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Hivyo desmodiamu ni chakula cha ng'ombe na pia ni mlinzi wa chakula cha watu. Mlinzi huyo akikosa kuota, mahindi hubaki bila ulinzi msimu mzima.

GANDA LILILOFUNGWA

Sasa natoka katika joto la udongo wakati wa kupanda, nije kwenye ile sababu ya tatu. Mbegu nyingi za jamii ya kunde zina ganda gumu lenye tabaka lisilopitisha maji. Ukiziloweka usiku kucha, asubuhi utazikuta kavu na ngumu kama changarawe. Hizo huitwa mbegu ngumu. Si mbovu, bali zimelala, na ndivyo zilivyoumbwa.

Faida yake ni hii. Kama mbegu zote zingeota kwa mvua ya kwanza, nayo ikawa mvua ya udanganyifu, kizazi chote kingekufa siku moja. Kwa hiyo mmea hufanya kama baba mwenye hekima, asiyepeleka akiba yote sokoni siku moja. Baadhi ya mbegu huota mwaka huu, nyingine mwaka ujao, na nyingine baada ya miaka kadhaa. Hekima hiyo yaufaa mmea wa porini. Mkulima aliyenunua mbegu leo, akitaka malisho mwaka huu, haimfai.

Kitu gani hulifungua ganda hilo? Joto ndilo funguo kubwa katika mashamba. Nchi ya Australia ilijifunza jambo hili kwa kuwa malisho ya kondoo wake, hasa upande wa kusini, yalitegemea klova inayojipanda yenyewe. Mwaka 1961 mtaalamu B. J. Quinlivan, wa Australia Magharibi, alitangaza kazi yake juu ya mbegu ngumu. Alionyesha kwamba mbegu hulainika zaidi joto linapopanda na kushuka kila siku kuliko linapokaa mahali pamoja. Udongo wa kiangazi huko hufika digrii 60 mchana, na usiku hushuka hata karibu na digrii 15. Kupanda na kushuka huko, siku baada ya siku, hulegeza sehemu moja ndogo iliyo dhaifu katika ganda, karibu na kovu la mbegu. Mvua zinapokuja, maji huingia kwa mlango huo.

Kutokana na hayo twapata fundisho kwa malisho yetu. Klova nyeupe ya Kenya, ambayo huota yenyewe katika nyasi za nchi zetu za juu, nayo ina mbegu ngumu. Mwenye malisho ya namna hii asikate tamaa na kulima upya akiona mimea imepungua baada ya kiangazi. Mbegu zilizoanguka zimo udongoni. Lakini nyasi kavu zikiachwa ndefu na nzito, hufunika udongo kama blanketi, joto la mchana halifiki chini, wala ubaridi wa usiku. Mifugo ikiruhusiwa kuzila nyasi hizo kwa kiasi kabla ya mvua, udongo huonja jua, na mbegu nyingi zaidi huwa tayari.

KUTUMIA MAJI YA MOTO

Kila mlango na ufunguo wake, walisema wazee. Mbegu ya lusina hufunguliwa kwa maji ya moto, yenye digrii 80 hivi, kwa muda wa dakika 3 au 4. Kisha maji hayo humwagwa, na mbegu hulowekwa katika maji baridi usiku mmoja. Asubuhi zilizovimba zipandwe siku ile ile. Mbegu iliyokwisha kuvimba haiwekwi akiba.

Lakini tujihadhari na neno "maji yanayochemka". Maji yanayochemka Mombasa yana digrii 100. Nairobi, kwa sababu ya kuwa juu, maji huchemka kwenye digrii 94 au 95. Katika sehemu za Nyandarua zilizo juu ya mita 2,400 huchemka kwenye digrii 92 hivi. Asiye na kipimajoto na afanye hivi. Pwani, achanganye vikombe vitatu vya maji yaliyochemka na kimoja cha maji baridi. Nairobi na mahali palipo sawa nayo, vinne kwa kimoja. Nyandarua, vitano kwa kimoja. Atapata maji yenye joto karibu na digrii 80. Maji yawe mengi, mara kumi kuliko mbegu, na chombo kiwe kimepashwa moto kwanza, ili joto lisipungue ghafula. Ahesabu dakika kwa saa, asikisie.

Dawa hii si ya mbegu zote. Kaliandra hulowekwa tu katika maji baridi kwa muda wa saa 48. Fiwi hazihitaji kitu. Lusani inayouzwa madukani kwa kawaida haina haja ya maji ya moto. Mbegu ndogo za desmodiamu huungua upesi, kwa hiyo zikiwa ngumu afadhali zisuguliwe polepole kwa mchanga mkavu au karatasi ya msasa, mpaka ganda lipoteze mng'ao wake, wala si mpaka livunjike. Na kwa kila namna, mtu ajaribu kwanza konzi moja kabla ya kutia mfuko mzima.

Tena, kama mkulima anapaka mbegu zake dawa ya bakteria wa vinundu, kama ile iliyobuniwa Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, asiipake mpaka mbegu zimepoa kabisa, na afanye kazi hiyo kivulini. Bakteria hao ni viumbe hai. Maji ya moto huwaua, na jua kali huwaua vile vile.

JARIBIO LA MBEGU MIA

Sasa nawapa jaribio ambalo kila nyumba yaweza kulifanya, tena bila gharama. Hesabu mbegu 100. Zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, uzifunike kwa sahani nyingine, uziweke mahali penye joto la kadiri. Tazama kila siku, na kitambaa kisikauke. Baada ya siku 10 zitenge mafungu matatu: zilizoota, zilizovimba zikaoza, na zilizobaki ngumu kama zilivyokuwa.

Tuseme umepata 40 zilizoota, 10 zilizooza, na 50 ngumu. Asiyejua atasema kwamba mbegu 60 ni mbovu, naye atakwenda kugombana dukani. Anayejua atasema kwamba 10 tu ndizo mbovu, na zile 50 zinangoja ufunguo. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni fedha yenu.

Ukipata fungu la nne, la mbegu zilizovimba lakini hazikuoza wala hazikuota, usizitupe. Zihamishe mahali penye joto zaidi ungoje siku chache. Na mwenye kutaka kuona kwa macho yake na afanye sahani mbili, moja aiweke jikoni, nyingine katika ghala lenye ubaridi. Watoto wa shule wakiandika kila siku idadi ya mbegu zilizoota katika kila sahani, watajifunza habari za joto kuliko kwa kusoma tu.

Kama mbegu nyingi zimeoza, hapo una haki ya kulalamika, na ushahidi unao. Muuza mbegu mwaminifu hataogopa jaribio hilo. Yeye pia aweza kupeleka mbegu zake kupimwa katika maabara ya KEPHIS huko Nakuru. Wapimaji wa mbegu katika nchi nyingi hufuata kanuni moja, nao hupima lusani katika joto la digrii 20, na kuhesabu mara ya mwisho siku ya 10. Mbegu ngumu huziandika peke yake, hawazichanganyi na zilizokufa. Basi na sisi tusizichanganye.

Mabibi na Mabwana, hali ya hewa hatuwezi kuiamuru. Lakini siku ya kupanda twaichagua wenyewe, majani ya kutandaza twayakata wenyewe, na sufuria ya maji ya moto imo jikoni mwetu. Kabla ya msimu ujao, kila mtu na ajiulize maswali matatu. Shamba langu liko juu kiasi gani? Mmea ninaoutaka unapenda joto gani? Na katika mbegu zangu mia, ni ngapi zilizo ngumu? Atakayekuwa na majibu hayo kabla ya kufungua kamba ya mfuko, amekwisha kuokoa sehemu kubwa ya fedha yake. Na akiona mistari mitupu wiki ya pili, asikimbilie jembe. Na achimbue udongo kidogo kwa kidole, azitazame mbegu zake, kisha ndipo aamue.